Acheni Kukwangua Kila Kitu

Wasee, hii posti nimeichelewesha miezi miwili. Kila nikianza kuandika naona aibu, nafunga simu, naenda kutafuta chai. Leo naimaliza.

Mnakumbuka ile video yangu ya sanduku? Sekunde 58. Sanduku la mbao jeusi, chafu, limekaa kama kitu cha kupasulia kuni. Napaka dawa ya kutoa rangi, nangoja, halafu nasukuma kikwangulio mara moja tu na vanishi yote inatoka imejikunja kama ukoko wa ugali. Chini yake mbao nyekundu, safi, inang'aa. Watazamaji laki tatu na kitu. Sijawahi kupata hiyo namba tangu nianze kazi hii. Duka moja la rangi likanipigia nitengeneze tangazo, nikalipa kodi ya mwezi mzima. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili na kuambiwa na ukoo wote kwamba simu haitampa ugali, hiyo ilikuwa siku kubwa.

Sasa nataka kuwaambia kwa nini ile video ni kitu kibaya zaidi nimewahi kufanya mbele ya kamera. Na kwa nini naona sisi wote wa hizi video za "kabla na baada" tunahitaji kupumzisha mikono kidogo.

Kwanza, nilitoa wapi hiyo akili? Nilitoa kwa bunduki.

Usicheke. Usiku nikikosa usingizi hutazama watu wa Marekani na Uingereza wakitoa vanishi kwenye vitako vya bunduki za zamani. Ile sehemu ya mbao, unayoweka begani. Mtu ananunua bunduki ya Vita vya Pili vya Dunia, mbao imepakwa vanishi nzito ya rangi ya chungwa, anaipaka dawa, anaisugua, inatoka. Inatuliza roho kuliko muziki. (Na kabla mtu hajapata wazo: Kenya huwezi kukaa na bunduki bila cheti cha Bodi ya Leseni za Bunduki. Hii si posti ya kukufundisha kutafuta bunduki. Tulia.)

Lakini kuna kitu nilikuwa napuuza kwa hizo video. Ukienda kwa komenti utakuta wazee wanalia. Kweli kabisa, mtu wa miaka 70 anaandika maneno mia nne akimlaani kijana aliyepiga msasa. Nilikuwa naona ni ushamba. Kumbe walikuwa na hoja.

Chukua Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza katika vita vyote viwili. Ndiyo hiyo hiyo waliyobeba babu zetu wa King's African Rifles, KAR. Kiwandani mbao yake haikupakwa vanishi ya kung'aa. Ilipewa mafuta ya kitani, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu, na askari akaendelea kuipaka mwenyewe. Ile vanishi mara nyingi iliwekwa baadaye na mtu aliyetaka ipendeze ukutani. Kwa hiyo kuitoa si dhambi. Dhambi ni kutoitoa kwa akili. Ndani ya ile mbao kuna mihuri midogo iliyogongwa: ya kiwanda, ya mkaguzi, wakati mwingine ya kikosi. Ukipiga msasa hadi mbao iwe laini kama shavu la mtoto, umefuta mihuri yote. Tena mbao inashuka chini ya chuma, vile vilivyokuwa sawasawa havishikani vizuri tena. Thamani inaanguka, na hakuna dawa ya kuirudisha. Huwezi kurudisha mbao iliyogeuka vumbi.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Nimeyasoma, nikaenda Seme kwa dani, nikafanya yale yale.

Lile sanduku lilikuwa la baba ya babu yangu. Alienda vita vya Hitler, akarudi 1946. Bunduki hakurudi nayo, ilikuwa mali ya serikali ya Mfalme. Alirudi na koti zito, blanketi, na hilo sanduku. Koti liliisha. Karatasi zake za kuachishwa jeshi ziliungua nyumba iliposhika moto, kabla mzee wangu hajazaliwa. Likabaki sanduku. Dani aliolewa pale akamkuta mzee akilikalia kila jioni chini ya mti, akifokea watoto kwa Kikeya, kile Kiswahili cha jeshi la KAR. Yeye hakuwahi hata kuligusa. "Sanduku la baba mkwe unaliguseje?" Mzee alipokufa, babu yangu akalipaka vanishi, tabaka juu ya tabaka, kila Krismasi, juu hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kulitunza. Moshi wa jikoni ukafanya kazi iliyobaki.

Mimi nilipofika niliona uchafu. Nikaona pia kontenti.

Nilimwomba dani ruhusa, akasema, "Nyathina, kama litapendeza, sawa." Alidhani nitalifuta vumbi. Nikaweka simu kwenye kitako chake, nikapanga mwanga, nikamwaga dawa. Nusu saa kazi ikawa imeisha. Nikarudi Kisumu na matatu ya jioni nikihariri njiani, kufikia Kisian nilikuwa tayari na muziki.

Siku ya tatu, kwa komenti elfu moja za "satisfying" na mioyo, mtu mmoja wa Nakuru akaandika: "Simamisha sekunde ya 14. Hayo si maandishi?"

Nikasimamisha.

Manze.

Pale juu ya kifuniko, vanishi ikiwa imelainika lakini haijatoka, kuna maandishi meupe ya rangi ya kupaka kwa mkono. Yanaonekana kama samaki chini ya maji. Herufi E, A, A, S, halafu kitu kama C. Chini yake namba. Mwisho wake nasoma 471. Mwanzo wake umefunikwa na kidole changu mwenyewe. Chini ya namba kuna jina, naona "OTI". Sekunde ya 15 kikwangulio kinapita, na vyote vinaondoka pamoja na vanishi, vinaanguka juu ya gazeti. Lile gazeti nililikunja nikalitupa kwa moto.

EAASC ni East African Army Service Corps. Hao ndio waliokuwa wanaendesha malori na kupeleka chakula, petroli na risasi mbele. Nyumbani hadithi yetu siku zote ilikuwa kwamba babu alikuwa mpiga risasi Burma. Labda hakuwa. Labda alikuwa dereva. Labda ndiyo maana mzee wangu anakumbuka kwamba yule babu alikuwa anatengeneza baiskeli za kijiji kizima bila kufundishwa na mtu. Miaka themanini hiyo habari ilikuwa imeandikwa kwenye sanduku tunalokalia, chini ya vanishi. Vanishi haikuificha tu. Ilikuwa inailinda. Rangi ya juu ya mbao bila kifuniko ingekuwa imeshatoka na makalio ya watu.

Sasa mtu ataniambia, omera, ni namba tu. Si ujue tu kwamba alienda vita?

Hapana. Acha nikueleze kwa nini namba ni kitu kikubwa.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa 1943, ikafanya mazoezi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na 1944 ikaingia Burma kuwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw, mahali palipojaa matope na malaria. Vijana wa Nyanza walikuwa huko. Hussein Onyango Obama wa Kogelo, babu ya yule Barack mnayemjua, alienda vita hivyo hivyo kama mpishi wa ofisa Mwingereza. Nairobi kuna soko linaitwa Burma mpaka leo, watu wanakula nyama choma bila kujiuliza jina limetoka wapi. Na ukienda nyuma zaidi, Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza.

Hao watu waliandikwa na makarani waliokuwa wanasikia jina la Kijaluo kwa mara ya kwanza. Otieno mmoja anaweza kuandikwa kwa njia tano. Na kuna Otieno wangapi Seme pekee? Jina halikupeleki mahali. Namba ya jeshi ndiyo kamba unayoweza kuvuta ukamtoa mtu mmoja kutoka kwenye lundo la karatasi. Mimi nimebaki na tarakimu tatu za mwisho.

Na msidhani huko juu kuna mtu alikuwa anatutunzia majina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu Vita vya Kwanza na kuomba msamaha. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao Wazungu. Wengine angalau 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina popote, ama hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Fikiria hiyo. Kuna bunduki ya Lee-Enfield iko ukutani kwa mtu Texas, na ukigusa muhuri wake mmoja kwa msasa, watu mia tano watakurukia kwa komenti. Bunduki ina namba na namba inalindwa. Aliyeibeba hana jina. Na pale jina lake lilikuwepo, kwenye kifuniko cha mbao hapa Seme, aliyelifuta si Mwingereza. Ni mimi, na mwanga mzuri wa saa kumi jioni.

Basi maoni yangu ni haya: tumejifunza kuona kila kitu cha zamani kama "kabla". Sanduku ni "kabla". Kiti cha dani ni "kabla". Tembea Oginga Odinga Street uinue macho juu ya maduka ya zamani, kuna mahali mwenye duka aliandika jina lake na mwaka aliojenga, na tumepaka rangi ya matangazo juu yake mara kumi. Algoridhimu haijui tofauti ya uchafu na historia. Inajua tofauti ya giza na mwanga. Ikiona kitu cheusi kinakuwa cheupe inakupa watazamaji. Na sisi tunaolipwa na watazamaji tunaanza kuona vile inavyoona.

Najua mtatetea. Acha nijibu mapema.

"Kwani tuishi kwa makumbusho?" Hapana. Meza ya dani ya kulia ilikuwa na vanishi inayonata mpaka sahani inashika. Nimeitoa, nimepaka nyingine, sijutii hata kidogo. Fundi wa Kibuye anayekwangua vitanda kumi kwa wiki anatafuta chakula na anafanya kazi safi. Mbao inayooza lazima ishughulikiwe. Sisemi msiguse. Nasema jueni mnagusa nini.

"Lakini mwenyewe alikupa ruhusa." Alinipa ruhusa ya kitu alichodhani nitafanya. Kumuuliza dani "nisafishe?" si sawa na kumwambia "natoa kila kitu kilicho juu ya hii mbao na hakitarudi". Nilijua tofauti. Nilinyamaza juu video ilikuwa inaningoja.

"Hukujua kuna maandishi." Kweli. Na sikutafuta. Hapo ndipo kosa lilipo.

Baada ya hayo yote nilienda kwa fundi mmoja mzee pale Kibuye, anayetengeneza samani za zamani, nikamwonyesha video. Aliitazama mara mbili. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliosha kwanza?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kama daktari. Haya ndiyo aliyonifundisha, na ningependa myahifadhi.

Piga picha kila upande kabla ya kugusa, na mwanga wa pembeni, si wa mbele. Mwanga wa pembeni unaonyesha mikwaruzo na maandishi ambayo jicho halioni. Simu yako inatosha.

Osha kwanza. Kitambaa kilichokamuliwa, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo sana. Nusu ya ule weusi si vanishi mbaya, ni moshi na mafuta ya mikono. Mara nyingi ukishaosha unagundua hakuna kazi nyingine.

Jaribu mahali pasipoonekana, chini ama nyuma. Sugua kidogo na spiriti. Ikilainika na kunata, hiyo ni vanishi ya kale inayotokana na utomvu wa mdudu wa India, na spiriti pekee inatosha kuifanyia kazi polepole. Isipolainika, ni vanishi ya mafuta ama ya kisasa, na hapo simama ufikirie kabla ya kwenda dukani.

Ukiamua kutoa, toa tabaka moja moja, sehemu ndogo ya kiganja, na utazame. Ukiona herufi, namba, muhuri, hata alama ya kisu, acha hapo. Msasa uwe wa mwisho kabisa, ama usiwepo.

Fanyia nje. Hizi dawa zina mvuke mkali. Kuna moja, dikloromethani, imeua watu waliokuwa wanakwangua ndani ya bafu, na Marekani ilipiga marufuku kuiuzia watu wa kawaida kama dawa ya kutoa rangi mwaka 2019. Soma kopo. Vaa glavu. Rangi nyingi za zamani zina risasi ndani, ile metali, usipige msasa kavu ukivuta vumbi. Na ukimaliza kupaka mafuta ya kitani, usikunje vitambaa ukavitupa kwa kona. Vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke. Nyumba yetu iliungua mara moja, inatosha.

Na la mwisho, ambalo fundi hakulisema lakini nimelijifunza kwa gharama: kaa na mwenye kitu kwanza. Zima kamera. Uliza ni cha nani, kilitoka wapi, kilikaa wapi. Ningemuuliza dani saa moja tu, angeniambia kile alichoniambia baadaye nilipoenda kukiri.

Ndiyo, nilienda. Nilimwonyesha sekunde ya 14. Macho yake hayaoni vizuri, nikamkuza picha. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema alikuwa anajua kulikuwa na kitu pale. Siku za mwanzo za ndoa yake, kabla vanishi haijawa nyingi, alikuwa anaona weupe akipita na maji. Hakuwahi kusogea asome, juu ya heshima, na baadaye weupe ukapotea. Akaniuliza, "Sasa kimeandikwa nini?" Nikamsomea: E, A, A, S, C. Nne, saba, moja. Oti. Akarudia polepole. Hakunilaani. Akaingia ndani akaniletea chai, na hiyo chai sikuweza kuimaliza.

Wengi mmeniuliza kwa nini video bado iko. Nilitaka kuifuta ile usiku ya komenti. Lakini ile sekunde ya 14 ndiyo maandishi pekee yaliyobaki ya yule mzee duniani kote. Nikifuta video nimemfuta mara ya pili. Nimehifadhi faili asili mahali patatu, nimebadilisha maelezo chini ya video, na pesa ya mwezi huu kutoka kwayo inaenda kwa nauli ya Nairobi, Nyaraka za Taifa, nikatafute Oti anayeishia na 471. Inaweza kuwa bure. Nitaenda tu.

Kama una kitu cha babu ama dani nyumbani, sanduku, kigoda, fimbo, redio ya mbao, fanya kitu kimoja wikendi hii. Usikioshe, usikipake, usikikwangue. Kipige picha na mwanga wa pembeni, halafu keti na mtu mzima umuulize. Ukikuta maandishi, niandikie kwa komenti yanasema nini.

Na yule mtu wa Nakuru, kama unasoma, asante. Wewe peke yako kwa laki tatu ulitazama mbao. Sisi wengine tulikuwa tunatazama mng'ao.